Mzee Noah arap Mosonik na Maji Aliyoyakataa

Mzee Noah Kipchirchir arap Mosonik alizaliwa Sigowet mwaka 1931. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha baba yake akamtoa ili achunge ng'ombe. Kusoma Biblia vizuri alijifundisha mwenyewe.

Mwaka 1950 aliajiriwa katika shamba la chai huko Kericho, akapanda cheo hadi kuwa nyapara. Mwaka 1966 alirudi nyumbani kupanda chai yake, na majirani wakamchagua kusimamia kituo cha kununulia majani. Hakupendelea mtu. Siku moja alirudisha kikapu cha mkewe mwenyewe, Rodah, kwa sababu ya majani magumu. Mama Rodah akamwuliza mbele ya foleni, "Na ugali wa jioni, nyapara, nao utaukagua?" Watu walicheka sana. Ugali aliula kimya, lakini kikapu hakikupokelewa.

Alifunga ndoa na Rodah Desemba 1953, wakajaliwa Weldon na Chepkurui. Mama Rodah alitangulia mwaka 1989.

Tarehe 14 Machi 1995, tawi la mkaratusi lilimwangukia kichwani. Alipozinduka hospitalini alikuwa na kiu isiyokatika, na mkojo haukukoma. Muuguzi wake, Sista Nyambeki, aliieleza familia kwamba jeraha lilikuwa limegusa sehemu ya ubongo inayotoa homoni ya kuzuia maji yasitoke mwilini ovyo.

"Kinachotoka lazima kirudishwe," alisema. "Pimeni anachokunywa na anachokojoa. Akikauka, tutampoteza."

Weldon alikuwa kazini Kipkelion, na Chepkurui ameolewa Bomet. Mzee aliporuhusiwa kurudi nyumbani, akiwa bado hawezi kuinuka kitandani, aliyebaki kumtunza alikuwa Tecla, mke wa Weldon. Hapo ndipo heshima yetu ilipogeuka mtego. Kwetu mkamwana hagusi godoro la baba mkwe, sembuse kumbadilisha nguo. Mzee akaona afadhali kiu kuliko kulowa mbele yake. Kila Tecla alipoleta kikombe, alifumba midomo. Ulimi ukakauka kama gome, akaanza kuita kwa majina ng'ombe waliokufa zamani. Alirudishwa hospitalini akiwa hajitambui.

Fahamu zilipomrudia, Sista Nyambeki alimkabili. "Mzee, nani alikukataza maji?"

"Sista, mtoto wa watu ataona aibu yangu."

Tecla alikuwa amesimama mlangoni, kama desturi inavyotaka. "Baba," alisema, "nikikuheshimu mpaka ufe, Weldon nitamwambia nini?"

Mzee akanyoosha mkono. "Lete kikombe, binti yangu. Lakini ukinibadilisha, uangalie ukuta."

"Nitaangalia ukuta, Baba, na shuka nitaitoa kwa kupapasa?"

Mzee alicheka, akanywa.

Wapo walionung'unika kwamba mila imevunjwa. Waambiwe leo mbele ya jeneza hili: mila inayomnyima mgonjwa maji haistahili kuitwa heshima. Tecla alimgeuza ubavu ili asipate vidonda, akapima kwa jagi kilichoingia na kilichotoka, akamtia matone ya dawa puani kila yalipopatikana. Mzee aliishi miaka mitatu zaidi, akabariki harusi ya mjukuu wake wa kwanza.

Nimonia ilimchukua asubuhi ya tarehe 9 Juni 1998, akiwa na umri wa miaka 67. Hakufa kwa kiu.

Ameacha wajukuu saba na watoto watatu: Weldon, Chepkurui, na Tecla, aliyeingia kwake akiwa mkamwana.

Mungu aliyemwita ampumzishe kwa amani.