Dokta Nenita Dumancas na Wagonjwa Kumi na Tisa

Ijumaa tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Dokta Nenita Dumancas anaaga taasisi yetu hapa mjini Iloilo. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu, ingawa nina hasira.

Alitoka mkoa jirani wa Antique akiwa daktari kijana wa maabara. Ni yeye aliyeanzisha mpango wa kumkabidhi kila mwanafunzi wa uzamili na uzamivu kwa mlezi mmoja, amwongoze hatua kwa hatua mpaka alichokigundua maabarani kimfikie mgonjwa kitandani. Amelea wanafunzi arobaini na sita. Mwezi wa kwanza hakuna aliyeruhusiwa kuvaa koti jeupe; walikaa kwenye benchi la kliniki pamoja na wagonjwa.

"Mwalimu, mimi nimekuja kusoma, sikuja kupanga foleni," mmoja alimlalamikia.

"Basi kaa foleni mpaka ujue unasoma kwa ajili ya nani," akamjibu, akamkatia kipande cha bibingka, keki yetu ya unga wa mchele.

Miaka tisa iliyopita, mwanafunzi wake Marichu Palabrica alikuwa akijaribu kipimo cha haraka cha homa ya panya, ile inayotuandama kila baada ya mafuriko. Kati ya wagonjwa mia moja na kumi na wawili, kumi na tisa waliambiwa na kipimo kwamba hawana homa hiyo, kumbe wanayo. Wawili wakafariki. Mkuu wa idara wa wakati huo, ambaye kipimo kilikuwa chake, alimwita Marichu kwenye kikao cha idara.

"Hao kumi na tisa walikuja mapema mno, kabla kipimo hakijaweza kuiona homa," alisema. "Waondoe, jedwali litapendeza."

Dokta Dumancas akasimama.

"Walikuja mapema kwa sababu sisi wenyewe tuliwaambia redioni, ukipata homa, wahi. Leo tuwafute kwa kuwa waliwahi?"

"Dada Nenita, usinifundishe kazi."

"Sikufundishi wewe, bosi. Namfundisha huyu binti, naye anatutazama."

Haukupita mwezi akavuliwa uongozi wa mpango alioujenga kwa mikono yake, akahamishiwa chumba kinachopakana na jenereta. Alipoomba uprofesa kwa mara ya tatu, kamati ilimwandikia kwamba mchango wake katika utafiti "hauonekani". Hauonekani! Utaonekanaje, ikiwa katika kila makala aliweka mbele jina la mwanafunzi, na la kwake mwisho, au hakuliweka kabisa? Yeye alicheka barua ile. Mimi mpaka leo sijaweza kuicheka.

Marichu alicheleweshwa miezi kumi na minne kutetea tasnifu yake. Aliitetea na wagonjwa wote kumi na tisa wakiwa ndani ya jedwali, wakapita pamoja naye. Kutokana na kazi hiyo, zahanati za mkoa wetu zina agizo ukutani: majibu ya kipimo hicho katika siku tano za kwanza yasiaminiwe, mgonjwa apewe dawa. Sijui ni wangapi wanaishi kwa sababu ya karatasi ile. Haina jina la Marichu wala la mwalimu wake.

Sasa niseme langu. Katika kikao kile nilikuwepo, kiti cha tatu kutoka mlangoni. Nilijua nani anasema kweli. Niliinamia makaratasi yangu kama vile kuna kitu nakitafuta. Hasira yangu ya leo inaanzia hapo, kabla haijawafikia wengine.

Wiki iliyopita, baada ya miaka tisa ya kukwepa, nilimfuata chumbani kwake kumwomba radhi. Jenereta lilikuwa likinguruma, ikabidi nirudie maneno mara mbili.

"Nimesikia mara ya kwanza, Rodel," aliniambia. "Nimekusamehe. Haya, nina wanafunzi watatu, na hakuna aliyeniambia watakwenda kwa nani. Umekuja na radhi tu?"

Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyejali kupanga. Taasisi imekwisha kuagiza keki ya kumuaga, lakini warithi wa kazi yake imewasahau.

Dada Nenita, ahsante. Rudi Antique upumzike, Mungu akujalie afya na miaka mingi yenye utulivu. Wale watatu wanaanza kwangu Jumatatu.