Gelasius Rweyongeza, Mkalimani Aliyetafsiri Hadi Mnong'ono

Ijumaa tarehe 29 Juni 2018, Mzee Gelasius Rweyongeza anastaafu baada ya karibu miaka kumi na minane akiwa mkalimani wa Kiswahili katika ofisi yetu, inayohudumia mikutano ya wazazi wa shule za umma hapa Toronto, Kanada, na miji jirani.

Alijiunga nasi Septemba 2000, akitokea Bukoba alikokuwa mwalimu wa sekondari. Januari yake ya kwanza alikuja kazini na koti la mvua, akisisitiza kwamba Bukoba nako kuna baridi. Februari alinunua koti la kweli, na suala hilo halikuzungumzwa tena.

Kanuni ya kazi yetu inajulikana: kila linalosemwa litafsiriwe, bila kuongeza wala kupunguza. Wengi wetu huipindisha kidogo. Yeye hakuipindisha. Kule Pickering, mji jirani, bibi mmoja alisema ofisi ya mwalimu mkuu inanuka soksi. Gelasius akatafsiri, soksi zikiwemo, na mwalimu mkuu akacheka hadi akavua miwani. Kilichomtoa jasho ni Sheng tu. Wazazi vijana wa Nairobi wakianza, ilibidi ampigie simu Ndegwa wa mapokezi.

Lakini tunamwandikia hasa kwa sababu ya Novemba 2014. Shule moja ya sekondari mashariki mwa jiji iliitisha mkutano wa kusikia maoni ya jamii kuhusu usawa wa rangi. Wazazi walitaka kujua kwa nini watoto weusi wengi, hata wenye alama nzuri, wakifika darasa la tisa walipangiwa kozi za vitendo ambazo hazimfikishi mtu chuo kikuu. Wazazi ishirini na sita walihitaji Kiswahili. Niliwagawia vifaa vya masikioni, kisha nikaketi kando ya Gelasius nimpokee akichoka.

Saa ya kwanza ilipita salama. Ndipo afisa mmoja wa meza kuu, akisahau kuzima kipaza sauti, akamwinamia jirani yake na kunong'ona kwa Kiingereza. Ukumbini hakuna aliyeshika maneno yale, ila sisi wakalimani tuliyasikia kwenye vifaa vyetu vya masikioni, vilivyounganishwa na kipaza sauti kile. Nilidhani Gelasius atanyamaza. Mimi ningenyamaza, nakiri nilikwisha kunyamaza mara nyingi. Yeye akatafsiri:

"Watoto wa hawa ni wa mikono, si wa vitabu. Wakijua kushika fagio, inatosha."

Mama mmoja alivua kifaa chake akakitazama kana kwamba kimemng'ata. Mwingine alisema "La haula!" Donatienne, mama wa Kikongo anayeishi Regent Park, akasimama.

"Mtoto yangu alipata tisini na moja kwa hesabu," alisema. "Ni nani alimuchagulia fagio?"

Gelasius akalisema swali hilo kwa Kiingereza, ukumbi mzima ukasikia. Afisa akawa mwekundu. "Yale hayakuwa ya kutafsiriwa!" Kwa kusema hivyo alikuwa amekiri mwenyewe, mbele ya watu mia mbili.

"Yalipita kwenye kipaza sauti, bwana," Gelasius alimjibu. "Na hawa ndio yaliyowahusu."

Kilichofuata kilitushtua zaidi, maana kilitoka kwetu. Afisa alilalamika, na kesho yake ofisi yetu ikamwondoa Gelasius kwenye ratiba. Mtu aliyefuata kanuni neno kwa neno! Kwa miezi mitano alishinda nyumbani kwa binti yake Mississauga, hana kazi. Donatienne alipita mlango kwa mlango akikusanya barua za waliokuwapo. Mimi nilichukua wiki mbili kabla ya kuandika yangu, na wiki hizo zinaniaibisha hadi leo.

Aprili 2015 alirudishwa kazini. Shule ilipitia upya mafaili ya watoto wa wazazi wale: kumi na mmoja walihamishiwa kozi za kuelekea chuo kikuu, binti wa Donatienne akiwa mmojawao. Wengine waliambiwa wamechelewa. Afisa alihamishwa, hatujasikia kwamba aliomba radhi. Gelasius hakuwahi kutusimanga. Siku aliyorudi aliuliza tu kama kikombe chake cha chai bado kipo.

Mzee Gelasius, ahsante kwa kazi yako, na ahsante kwa kutuaibisha pale tulipostahili. Mkalimani husema "mimi" akimsemea mwingine, nawe umefanya hivyo kwa miaka kumi na minane. Tunakuombea afya, wajukuu wenye masikio, na siku nyingi za kusema yako mwenyewe.

Nyanchama Ombati,
kwa niaba ya wakalimani wenzako