Mbunge Aliyefutwa Akiwa Msibani

Tulikuwa juu ya lori la mahindi kutoka Kaengesa. Kijana aliyenyoa kichwa kwa msiba alimwambia mama aliyekaa juu ya gunia la pili, "Shikamoo, mama. Mimi nimevuliwa ubunge." Mama akaitikia marahaba, kisha akamtazama viatu.

Kijana akaeleza: ni mchezo wa kuendesha serikali kwenye intaneti, na chama chake kilikuwa na mbunge mmoja tu, yeye mwenyewe. "Nilikuja kumzika babu, nikakosa kupiga kura kwenye bunge la mchezo."

"Hukuwaaga wenzako?"

"Niliwaaga. Wakaniandikia pole, halafu wakanifuta."

"Na matangani hakuja hata mmoja?"

"Hatujuani, mama. Wako mbali."

"Halafu unasema ni mchezo! Mbona hiyo ni serikali kabisa."

Lori likasimama mjini, Mazwi. Kijana alishuka wa kwanza, akaulizia intaneti.