Mwalimu Thuo na Moja Kumi na Saba

Mwalimu Thuo amefundisha Hisabati miaka thelathini na minne, ishirini na sita kati yake katika shule yetu hapa Naivasha. Anastaafu tarehe 31 Desemba.

Aliripoti hapa akiwa na mkewe, Wachuka, wakapanga nyumba mtaa wa Kihoto, karibu na ziwa. Watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya maua waliogopa hesabu mpaka walipompata. Hakuna aliyemaliza kidato cha nne bila kusimamishwa gwarideni aseme kama tarehe ya siku hiyo inagawanyika au ni namba tasa.

Mwaka 2001 mwanafunzi wake, Kipkoech, aliandika ubaoni moja kumi na saba zikifuatana, akauliza ni nambari gani, mbali na moja na yenyewe, inayoigawanya hiyo bila baki. Mwalimu aliahidi jibu. Alithibitisha kwamba kigawanyo chochote, ukikipunguza moja, lazima kigawanyike kwa thelathini na nne. Basi akaanza kuvijaribu kimoja kimoja, kwa kalamu. Yeye aligawanya, Wachuka akahakiki. Walifanya hivyo kila jioni, wakajaza madaftari thelathini na manane.

Mimi niliajiriwa hapa kama mwalimu 2019. Niliiingiza nambari ile kwenye kompyuta, jibu likaja kabla sijavuta kiti. Wiki hiyohiyo Wachuka alituletea uji ofisini, akaniambia kwa fahari kwamba wamepita milioni moja na nusu. Sikumwambia kwamba jibu ninalo.

Wachuka alifariki 2022. Mwalimu aliendelea peke yake, bila wa kumhakikia.

Mwaka huu ziwa lilipanda tena, maji yakaingia nyumbani kwake hadi madirishani. Aliokoa godoro na picha ya mkewe. Madaftari yalilowa yote, wino ukatoka. Alikuja ofisini na viatu vyenye tope, akaomba karatasi. Alitaka kuanza upya, kutoka mwanzo.

Hapo nikamwambia. Milioni mbili, elfu sabini na moja, mia saba ishirini na tatu. Alichukua kalamu akagawanya, kisha akazidisha, karibu saa nzima, mpaka zikatokea moja zote kumi na saba.

“Ulijua lini, Madam Joan?”

Nilimwambia ni tangu mwaka nilipoajiriwa.

“Tulipofika milioni, Wachuka aliniomba tuache, tuwe tunatembea jioni,” alisema. “Nikamwambia bado kidogo.”

Hajanilaumu hata siku moja. Ingekuwa nafuu angenilaumu. Kipkoech, ambaye sasa ni mhandisi Olkaria, alipigiwa simu siku iliyofuata akapewa jibu lake. Mwalimu aliniambia kijana hakukumbuka kuuliza.

Mwalimu anahamia Keringet kwa ndugu yake. Mwalimu, walimu wenzako na wanafunzi wako wote tunakushukuru. Nami ninakuomba radhi mbele yao. Tunakuombea nyumba isiyofikiwa na maji, na mtu wa kutembea nawe jioni.