Fundi wa Magodoro Aliyelazwa Sakafuni: Wasifu wa Marehemu Ndalahwa Masalu (1918–1963)

Marehemu Ndalahwa alizaliwa Kisesa mwezi Julai 1918, msimu wa kuvuna pamba, mtoto wa tatu wa Mzee Masalu na Mama Kashindye. Alilelewa juu ya ngozi ya ng'ombe, katika nyumba iliyojaa pamba ya kuuza.

Alisoma miaka mitatu shule ya misheni, akaacha 1931 baba yake alipofariki.

Mwaka 1936 alikwenda Mwanza mjini, akafundishwa kushona magodoro na Mzee Salum Mbaruku. Kila godoro alilolimaliza alililalia kwanza, ubavu wa kushoto, macho kayafumba. Likimridhisha husema, "Limekubali," ndipo hufunga uzi mwekundu pembeni.

Alifunga ndoa na Paskazia mwaka 1941. Godoro la harusi alililalia mara tatu, hata bibi harusi akamuuliza, "Wewe, unanioa mimi au godoro?"

Mwaka 1954 aliishonea hospitali ya Mwanza magodoro arobaini. Mzungu aliyeyapokea alimkataza kuyalalia, eti atayachafua. Alifunga uzi wake bila kuyalalia. Jambo hilo hakulisahau. Uhuru ulipofika, Desemba 1961, alimwambia mkewe, "Sasa na migongo yetu itakumbukwa."

Tarehe 3 Agosti mwaka huu alizidiwa na ugonjwa wa figo, akapelekwa hospitali ile ile. Alilazwa sakafuni, kwenye mkeka, saruji ikimla mbavu. Mlango wa stoo ulipofunguliwa, Paskazia aliona magodoro yamepangwa, uzi mwekundu pembeni.

"Hayo ni ya wakubwa," mhudumu alisema.

"Wakubwa gani? Wazungu si wameondoka?"

"Wakubwa wapo, mama."

"Wana migongo mingapi?"

Marehemu aliomba alilalie moja tu, hata kidogo. Stoo ilifungwa. Alifariki tarehe 9, saa nane mchana, palepale sakafuni. Tumeambiwa tumshukuru Mungu. Tunamshukuru, ufunguo wa stoo hakuwa nao yeye.

Ameacha mjane, watoto watatu, Ngosha, Teodora na Nkwabi, na wajukuu wawili.

Jana majirani wa Kisesa walileta pamba, kila nyumba konzi moja, wakaichambua kwa mikono. Paskazia ameshona mwenyewe godoro lililomo ndani ya jeneza hili. Alililalia kwanza, ubavu wa kushoto, akasema, "Limekubali," akafunga uzi mwekundu.

Apumzike juu yake kwa amani.