Kisu Cheusi cha Mjomba wa Sirisia

Ndugu zangu, amani ya Mungu iwe kwenu. Nimeandika haya kwenye daftari kwa sababu nikiongea bila karatasi najipendelea. Shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo mnivumilie. Majina sitataja.

Wengi hapa Kibomet mnanijua kama fundi wa kuchomelea mageti. Kitu hamjui ni kwamba nakusanya visu vya kukunja. Si vya sokoni. Kuna aina moja ya ng'ambo, ya hali ya juu, na mimi natafuta vile vya mwanzo kabisa, vilivyotengenezwa kwa mkono. Cha kwanza nilipewa na mzungu mzee niliyemfanyia kazi shambani nje ya Kitale, alipokuwa anahama. Nilikifungua, kikalia kidogo tu, kama mtu akimeza mate. Nawaambia, nilikaa chini. Nimechomelea vyuma miaka mingi, lakini siku hiyo ndiyo niliona chuma kilichotengenezwa na mtu anayekipenda.

Sisemi kupenda kitu kizuri ni dhambi. Sijui. Nimekaa na hilo swali na bado sijui.

Kosa langu ni hili. Mjomba wangu wa Sirisia, ndugu ya mama, alifariki. Mkewe ndiye alinilea miaka mitatu nikiwa mdogo, namwita mama. Baada ya mazishi tulikaa kugawa vitu vyake kama ilivyo desturi yetu, na mtoto wa dada huwa ana fungu lake. Wakaleta koti, redio, kofia, na mkebe wa majani ya chai. Ndani ya mkebe kulikuwa na kisu. Mjomba aliwahi kuendesha gari la wageni waliopima barabara, nadhani walimwachia. Mpini wa mti mweusi, misumari mitatu. Vyote nilivyoshika vilikuwa na miwili. Mitatu, alama ya vile vya mwanzo kabisa, nilikuwa nimeiona kwa picha tu, kwenye simu. Nikaikalia mikono yangu, isikimbilie kukishika.

"Ndugu yangu, chukua koti," akasema binamu yangu, kifungua mimba wa mjomba. "Baridi ya Kitale itakumaliza."

"Nipeni tu hicho kisu."

"Ati kisu? Wee bana, unaacha koti la sufu, unataka kisu cha kukata ovakado?" Watu wakacheka. Kisha akaniuliza vizuri, "Ama ni kitu cha maana? Wewe ndiye mtu wa vyuma."

Nikamwambia, "Hapana. Ni cha kawaida."

Labda wangenipa hata kama ningesema ukweli. Lakini niliulizwa, nikadanganya juu ya mali ya marehemu, mbele ya mjane wake.

Nyumbani nilikuwa nakifungua kila siku. Mke wangu akaniambia, "Mimi hujaniangalia hivyo tangu tuoane." Tulicheka, halafu hatukucheka tena. Sirisia nikaacha kwenda. Mama akaugua, nikasema nina kazi. Wakafanya ukumbusho wa mjomba, nikasema mimi pia ni mgonjwa. Hata hapa kanisani nikaacha kuja. Mwaka mzima na zaidi.

Ndugu mmoja aliye humu ndani akanitembelea, nikamweleza yote. Hakunipa pole. Alisema, "Mimi hujanikosea. Nenda uwaambie wenyewe."

Nilienda Jumamosi. Mama alikuwa anachambua maharagwe, binamu anatia jembe mpini. Nikaweka kisu juu ya ungo, nikasema nilikijua tangu siku ile.

Binamu akasimama. "Kwa hivyo ulituona wajinga."

"Ndiyo," nikasema, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Toka kwa hii boma."

Alikuwa na haki. Nikainuka niende.

"Kaeni, nyote wawili," mama akasema, bila kuinua sauti. Akakichukua kisu, akakifungua kwa kidole gumba bila kukiangalia. Akamgeukia mwanawe. "Wewe ulizaliwa njiani, tukienda hospitali Bungoma, mvua imekata barabara. Baba yako aliomba sufuria kwa watu, akachemsha hiki, akakata kitovu chako nacho. Alikuwa analia kuliko wewe."

Ndugu zangu, nilijua mti wa ule mpini, nilijua misumari, nilijua kwa nini vilitengenezwa vichache. Hilo la kitovu sikuwahi kulisoma popote.

Binamu akaketi, akakipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Baadaye sana akaniuliza, bila kuniangalia, "Hiyo misumari mitatu ni ya nini?" Nikamweleza. Kisu kilibaki kwake. Nisiwadanganye, hatujarudi kama zamani, lakini nikimpigia simu anashika.

Vile vingine bado ninavyo. Nimeanza kuwarudia walionipa, niwaulize. Mzee mmoja wa Malakisi, mkulima wa tumbaku, alinieleza habari za chake mpaka chai ikapoa.

Namshukuru mke wangu, hakunisema kwa majirani. Namshukuru yule ndugu, na mama zaidi ya wote. Kama nina la kuwafunza ni hili: nilikijua kile kisu kuliko wote waliokuwa pale, na nyumba iliyokuwa nacho sikuiuliza neno. Ninyi msifanye hivyo. Na kama bado kuna nafasi yangu kwenye benchi, naomba nikae nanyi.