Dorothée Mlebinge, Aliyetupimia Dawa Baraka

Mbele ya Mungu na mbele yenu mliokuja kulia pamoja nasi, mimi Élie, kaka yake mkubwa, nimepewa na ukoo kazi nisiyoitamani, kuwasomea maisha ya Dorothée Mlebinge.

Alizaliwa Lweba tarehe 14 Machi 1988, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Fizi, alikopata diploma ya Serikali mwaka 2007, kisha akasomea ufamasia Bukavu hadi 2012.

Tangu tarehe 3 Februari 2014 alipima dawa hapa Baraka, kwa kifaa cha mkono kinachomulika kidonge kwa mwanga wa infrarouge, ambao jicho haliuoni, na kwa kuwa kila kitu hunyonya mwanga huo kwa namna yake, kifaa hulinganisha mchoro unaorudi na ule wa dawa ya kweli. Wauzaji wengine walimchukia, wakimwonyesha pakiti za dawa zinazong'aa, naye aliwajibu, “Musinionyeshe boîte, boîte iko muzuri kila siku, mi nataka kujua ndani iko nini.”

Aliolewa na Bonaventure tarehe 22 Agosti 2015, wakajaliwa Merveille na Junior.

Tarehe 3 Mei 2024 walikwenda Lulimba kwenye kilio cha shangazi, kifaa akawaachia wenzake, huko homa ikamshika, kipimo kikaonyesha malaria, Bonaventure akakimbia kumnunulia vidonge, naye akavimeza, akisema, “Usilie Bona, dawa nimeshakunywa, kesho tunarudia batoto.” Walimrudisha Baraka hajitambui, akatutoka Alhamisi tarehe 9.

Maneno yakaanza kwamba mume amemtilia sumu, na sisi ukoo tukamkataza kukaribia sanduku. Jana Placide, mwenzake wa kazi, alipima vidonge vilivyobaki mbele ya wazee wetu, na mchoro ukawa wa wanga mtupu, dawa hamna hata chembe. Dada yangu aliyewapimia watu wote amekufa akimeza unga, na moyo wangu unakataa kabisa kulipokea jambo hili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wanaokwenda Lulimba kuviondoa vidonge hivyo sokoni.

Bonaventure, mukwe wetu, tulikuonea. Toka huko nyuma, leta na batoto, udongo wa kwanza ni wako.

Dorothée, pumzika sasa, Bona yuko hapa.